Age of Empires II (mchezo wa kompyuta wa kujenga dola): wanakijiji wengi, chakula hakitoshi

Mkuu, unasema dakika ya 5 chakula kinakata na jengo kuu (Town Center, linalotoa wanakijiji) linakaa bure, ingawa una watu wengi. Shida si idadi, ni mwendo. Mwanakijiji kwa kawaida hubeba 10 tu kila safari, kwa hiyo kila hatua ya ziada unailipia.

Kondoo mchinjie ukutani kabisa mwa jengo kuu, mmoja mmoja. Nyama iliyochinjwa huoza hata ikiliwa, ndiyo maana kuchinja watatu kwa pamoja ni hasara tupu. Weka watu 6 hapo, 4 wanaofuata wapeleke kwenye mbao, na kambi yao (mbao 100) iguse miti. Msitu ukirudi nyuma, jenga nyingine, usione uchungu.

Nguruwe mwitu ana chakula 340, usimwache. Mpige mshale mara mbili, kimbilia nyumbani, wale wa kondoo wammalize. Hapa ndipo wengi huharibu: jengo kuu likimuua kwa mishale yake, nyama yote inapotea. Aliyemvuta nguruwe wa kwanza akiwa amejeruhiwa, wa pili avutwe na mtu mwenye afya kamili.

Mwanakijiji mmoja ni chakula 50 na sekunde 25. Panga wawili watatu kwenye foleni ya jengo kuu, si kumi, maana chakula cha foleni kinakatwa papo hapo. Na nyumba ianze kujengwa nafasi za watu zikibaki 2.

Mashamba anza nyama ikielekea kuisha. Kila moja mbao 60, yazungushe jengo kuu.