Redio ya Mjini au Habari za Dunia?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Hapa nyumbani Kasese, Uganda, tunagombania redio. Mzee anataka habari za dunia, mimi nataka stesheni ya mjini. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba. Mzee mwachie saa yake, lakini habari za karibu ndizo unazoweza kuzifanyia kazi leo. Mto Nyamwamba ukifurika kama Mei 2013, wewe unataka kujua daraja gani halipitiki.

Faida kubwa zaidi ya habari za karibu iko kwenye fedha za umma. Utafiti wa 1996 ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilipata takriban asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kuu. Serikali ikaanza kutangaza magazetini mgawo wa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi walichopokea. Ila tangazo la taifa halitoshi. Lazima mtu afike shuleni, alinganishe namba mbili hizo. Ukikuta pengo, omba hati kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inaipa ofisi ya serikali siku 21 kujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, maana barua hizi "hupotea" sana.

Stesheni ndogo nazo huuza muda wa hewani kwa wanasiasa, kwa hiyo uliza nani amelipia kipindi.

Bei ya kahawa? Hapo mzee amekushinda: arabika ya Rwenzori hufuata soko la New York.