Barua za wasomaji: Word mpya imenipotezea njia

SWALI: Jambo ndugu mwandishi. Mimi niko mama wa sekretaria publike hapa Kadutu, Bukavu, kazi yangu ni kupigia wanafunzi TFC na memware, zile kazi za kumaliza masomo, na nimeifanya miaka mingi na Word ya zamani ya 2003, vidole vilikuwa vinajua njia vyenyewe hata nikiwa naongea na mteja. Sasa patron ameleta ordinatere mpya na Word mpya na kila kitu kimehama, ile mistari ya Fichier, Edition, Affichage haiko tena, juu kumejaa tu picha picha. Juzi mwanafunzi amesimama nyuma yangu anataka kurasa za mwanzo ziwe na namba za kirumi halafu sura ya kwanza ianze na 1, kitu nilikuwa nafanya haraka sana, nimetafuta mpaka akaniambia mama acha nijaribu mwenyewe. Niliumia. Patron anasema ni uzee. Ni kweli?
Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, aksanti kwa barua. Hapana, si uzee, na huyo patron hakukutendea haki. Ufundi wako ulikaa mikononi, sasa mahali pamehama, hata kijana wa miaka ishirini aliyezoea kama wewe angetafuta vilevile.

Hiyo sura mpya ilianza na Office 2007 ya Microsoft, wenye kutengeneza Word, ndiyo wakatoa meni wakaweka kile kinaitwa riban, huo ukanda wa picha picha unaouona juu. Walikuwa na sababu: Word ya kwanza ilikuwa na amri kama 100 hivi, ya 2003 ikapita 1500, meni zikajaa mpaka watu wakawa wanaomba vitu ambavyo vimo tayari. Wakapima pia watu wanatumia nini, wakakuta amri 5 tu, kubandika, kuhifadhi, kukopi, kurudi nyuma na kukoleza herufi, zinafika kama 32 kwa mia ya matumizi yote. Kwa mtu anayeanza leo riban inasaidia, hilo nalikubali. Lakini hawakuacha hata kifungo kimoja cha kurudisha meni za zamani kwa mwenye kuzihitaji, na hapo mimi sikubaliani nao mpaka leo, ju mtu anayelipwa kwa ukurasa kama wewe, kila dakika ya kutafuta inatoka mfukoni mwake yeye.

Tuje kwa namba za kirumi. Weka kishale mwisho wa kurasa za mwanzo, nenda Mise en page (zamani ilikuwa ndani ya Insertion, ndiyo maana ulipotea), fungua Sauts, na chini ya Sauts de section chukua Page suivante. Sasa kazi imegawanyika vipande viwili. Rudi Insertion, Numéro de page, ingia kwenye format ya namba: kipande cha kwanza chagua i, ii, iii, cha pili chagua 1, 2, 3 na uandike ianzie 1.

Halafu fanya hivi, hii ndiyo itakurudishia mwendo: kila amri unayoitumia sana, ifinye kwa kifungo cha kuume cha suri, chagua Ajouter à la barre d'outils Accès rapide. Itaingia kwenye mstari wako mdogo wa juu, na iliyo ya kwanza kwenye mstari huo unaiita kwa Alt na 1, ya pili Alt na 2. Riban ikikusumbua macho, Ctrl na F1 inaificha. Na F12 bado ni kuhifadhi kwa jina jingine, hiyo haikuhama.

Kwa patron, mwombe akuachie masini moja ya zamani mpaka wanafunzi wamalize kudepoze TFC zao, kubadilisha vyombo katikati ya msimu ni kuwatesa wafanyakazi. Ila Word 2003 haipati marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014, basi hiyo masini isiguse intaneti na flashi za wateja zipimwe virusi kwanza.

SWALI: Wateja wananiletea fishie za .docx, masini yangu ya zamani inazikataa. Nifanye nini?
Kijana wa Nguba

JIBU: Ndugu yangu, .docx ndiyo Word inahifadhi yenyewe tangu 2007. Mwambie mteja kule kwake afinye F12, achague Document Word 97-2003, akuletee hiyo. Kama ni kuemprime tu bila kurekebisha, aitoe PDF, mistari haitaruka.