Upande embe gani Dodoma? Anza na mlaji

Ndugu wengi wanaonipigia simu kutaka ushauri wa miembe huwa wameshachagua jina kabla hawajaniuliza. Wanataka Kent, au Tommy, kwa sababu wameona picha ya tunda jekundu mtandaoni. Nami huwarudishia swali: utamuuzia nani? Kama mnunuzi wako ni mama mwenye meza kwenye soko la Majengo au Sabasaba, anayepanga maembe mafungu mafungu, wekundu haumsaidii kitu. Mteja wake anataka Dodo.

Na ana haki. Dodo ni tunda kubwa, moja hutosha watu wawili, lina maji mengi, na harufu yake utaipata kabla hujaliona. Nyuzi zipo, lakini aliyekulia huku hajali nyuzi. Boribo ni refu kidogo, nyama yake ina rangi ya chungwa iliyokolea, na ndilo ninalowakatia wageni. Sindano ni dogo, limechongoka, tamu sana. Watoto hulimaliza juu ya mti kabla hujawaza habari za soko, kwa hiyo mche mmoja uani unatosha. Tena usidharau mabichi yanayoanguka mapema. Embe bichi lenye chumvi na pilipili lina wateja wake nje ya kila shule.

Sasa hayo ya kisasa. Tommy Atkins, Kent na Keitt yote yalitokea Florida, Marekani, karne ya 20. Tommy lilipendwa na wakulima na wasafirishaji kwa rangi yake, ngozi ngumu na kukaa siku nyingi bila kuoza. Utamu haukuwa sababu. Mimi silipandi, niseme ukweli; kama huna mkataba na mtu wa kusafirisha mbali, sioni faida yake Dodoma. Kent ni habari nyingine: nyama laini, nyuzi karibu hakuna, na wenye hoteli na wauza juisi huliulizia kwa jina. Apple, lililotufikia kutoka pwani ya Kenya, ni la mviringo, lina rangi nzuri, na mlaji wa kawaida naye hulipenda. Kama unataka embe moja la kuuza kotekote, mezani sokoni na kwenye maduka makubwa, anza na hilo.

Keitt linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo lenye pesa na ndilo lenye shida. Hukomaa mwishoni, wakati Dodo limeshaadimika na bei imepanda. Lakini huku kwetu kuchelewa maana yake ni kuiva mvua ikiwa imeshika. Mvua huleta chule, ule ugonjwa wa madoa meusi, na huo ndio wakati inzi wa matunda wanapozaliana kwa wingi. Tena Keitt huweza kubaki la kijani hata likiiva, na mteja asiyelijua atakurudishia akisema umemuuzia bichi. Ukilipanda, jiandae kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia shimo refu, na uweke mitego ya chambo cha kuvuta madume. Inzi huyo alitoka Asia na aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Shamba moja safi katikati ya mashamba machafu halimzuii, kwa hiyo zungumza na majirani.

Watu husema Dodoma ni kame mno kwa matunda, wakiacha zabibu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, takriban milimita 570 kwa mwaka, na Juni na Julai usiku unauma kwa baridi. Mwembe unafurahia hilo. Baridi na ukavu ndivyo vinavyouamsha utoe maua, na maua yakifunguka bila mvua hayashambuliwi sana na chule kama ya pwani. Adui wa wakati huo ni ubwiri unga, ule weupe unaotanda kwenye maua na kuyakausha. Piga salfa mapema, maua yakianza tu kuchomoza. Baada ya hapo unabaki na upepo, unaoangusha vitunda vikiwa bado kama njegere. Mstari wa mijohoro upande wa mashariki wa shamba unasaidia kuliko dawa yoyote.

Usipande Kent kwa kokwa la embe ulilolila. Mbegu ya Kent, Keitt au Tommy haizai mti unaofanana na mama yake, kwa hiyo ni lazima ununue mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo (kijitawi) cha aina unayoitaka. Kitaluni, inama uangalie kovu la kubebesha kwenye shina, liwe limefunga vizuri, na umwombe muuzaji akuonyeshe mti alikotoa vikonyo. Asiye na mti wa kuonyesha, mwache.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande wakati wa kiangazi, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, na upande mvua ikishalowesha ardhi vizuri, siyo ile ya kwanza ya kudanganya. Acha mita 8 hadi 10 kati ya mti na mti. Weka nyasi za kutunza unyevu, ila zisiguse shina, maana mchwa wa huku hawaombi ruhusa. Zungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza na cha pili ndivyo vinavyoua miche mingi, kwa hiyo kama huna maji ya kumwagilia, panda michache unayoweza kuibebea madumu. Maua yakitoka mwaka wa kwanza yakate yote, hata kama roho inauma, mti ujenge matawi kwanza. Matunda ya kuuza yasubiri mwaka wa nne.