Maswali na Majibu: Anga Lililopoteza Nili Yake

SWALI: Kwa miaka 4 nimekuwa nikifuatilia minada hapa Uingereza ninakoishi, nikiandika katika daftari bei ya kila picha ya rangi za maji ya Peter De Wint na David Cox, wachoraji Waingereza wa karne ya 19, inayouzwa. Bei hiyo huigawa kwa ukubwa wa karatasi ili nipate wastani wa kila mchoraji. Hata hivyo, picha mbili za De Wint zinazokaribiana sana kwa ukubwa ziliuzwa moja kwa mamia ya pauni na nyingine kwa maelfu. Mwezi ujao itanadiwa mandhari yake ya mavuno kwa makadirio yaliyo chini mno ya wastani wangu. Anga lake lina wekundu mzuri wa machweo, lakini fundi wa fremu amesema awali lilikuwa la buluu, na kwamba anaweza kuirudisha buluu hiyo na kuondoa madoa ya kahawia. Je, niinunue kabla wengine hawajashtuka?

JIBU: Ndugu msomaji, ninahofia kwamba wengine wameshashtuka, na ndiyo sababu makadirio yako chini. Wekundu unaoupenda karibu hakika si machweo. De Wint, aliyefariki mwaka 1849, alizoea kuyapata mawingu yake ya kijivu kwa kuchanganya nili, yaani rangi ya buluu, na rangi nyekundu ya udongo. Udongo huo mwekundu ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, na mwanga hauuwezi. Nili hutoka katika mmea, nayo ikikaa miaka mingi mbele ya dirisha hufifia hadi kutoweka. Mchanganyiko ukishampoteza mmoja, anayebaki ni mwekundu peke yake, na anga la adhuhuri huonekana kama la magharibi. Vitazame vivuli vya wavunaji: vikiwa vifupi, utajua kwamba mchoraji hakukusudia jua linalozama.

Mimi ni mhifadhi wa kazi za karatasi, na swali hili huletwa mezani kwangu mara kwa mara, karibu kila mara likiwa na fundi nyuma yake aliyeahidi kurudisha rangi. Naomba nieleweke bila mzunguko: rangi iliyofifia hairudi. Nili haikujificha chini ya uchafu ikingoja kusafishwa. Molekuli yake imevunjwa na mwanga pamoja na oksijeni, na kilichobaki ni kemikali nyingine, isatini, yenye umanjano hafifu tu. Hakuna maji, dawa wala mashine inayoweza kuiunga upya juu ya karatasi. Anayekuambia anaweza kuirudisha buluu anamaanisha kwamba atapaka buluu yake mwenyewe juu ya mkono wa De Wint, na kwa kuwa rangi za maji huzama ndani ya nyuzi za karatasi, kuiondoa rangi hiyo baadaye bila kuigusa ile ya asili ni kazi ngumu mno, na mara nyingi haiwezekani.

Kuhusu madoa ya kahawia nina wasiwasi zaidi, kwa sababu nimepokea karatasi zilizopitia mikono ya namna hiyo. Dawa inayotumika kwa siri ni ileile ya kufulia nguo nyeupe, jiki. Kila mtu aliyewahi kuidondoshea suruali ya jinzi anajua inachofanya, na jinzi hutiwa rangi ya nili, yaani rangi ileile iliyobaki kidogo katika miti na vivuli vya picha yako. Doa litatoweka, na pamoja nalo kitatoweka kiasi kile cha buluu ambacho mwanga ulikuwa umekisaza. Karatasi nayo hudhoofika, kwa kuwa dawa hukatakata nyuzi zake, na isiposuuzwa ipasavyo huanza tena kugeuka manjano. Kazi halali ipo: kuondoa kadibodi yenye asidi iliyogandishwa nyuma, kupunguza asidi ya karatasi pale rangi zinapovumilia maji, kufifisha doa kwa hatua ndogo zinazopimwa. Lakini kazi hiyo huanza kwa majaribio na ripoti ya maandishi, si kwa ahadi inayotolewa dukani kati ya kupima kioo na kukata mbao.

Sasa nije kwenye daftari lako, ambalo nalisifu kwa subira yake lakini siwezi kuusifu wastani wake. Umelinganisha majina na sentimita, ukaiacha hali ya karatasi, ambayo ndiyo inayotenganisha mamia na maelfu katika mfano wako. Mchoro wa rangi za maji wa Turner, mchoraji mashuhuri wa Uingereza, uitwao The Blue Rigi, wa mwaka 1842, uliuzwa London mwaka 2006 kwa zaidi ya pauni milioni 5.8, nao si mkubwa kuliko meza ndogo ya chai. Sehemu kubwa ya thamani yake ni kwamba ile buluu ya alfajiri bado ipo.

Ongeza basi safu ya hali ya karatasi, na nyingine ya maneno kamili ya katalogi. Jina tupu la mchoraji, "inadhaniwa ni yake", "mfuasi wake" na "kwa mtindo wake" ni madai tofauti kabisa, na kuyatia yote katika wastani mmoja ni kuchanganya mchele na pumba. David Cox alikuwa na mwana mwenye jina lilelile ambaye naye alichora. John Sell Cotman, mchoraji mwingine wa zama hizo, aliwaazimisha wanafunzi wake michoro ili wainakili, na nakala zao bado zinatembea sokoni. De Wint mwenyewe alitia saini kwa nadra sana, kwa hiyo saini iliyo wazi katika kona ya picha yake inapaswa kukutia shaka kuliko kukutuliza. Angalia pia kama bei uliyoiandika ni ile iliyogongewa nyundo au imejumlisha ada ya mnunuzi, ile anayoilipa nyumba ya mnada juu ya bei. Daftari lenye aina zote mbili halilinganishi chochote.

Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1886 kulikuwa na mabishano makali katika magazeti ya London kuhusu picha za rangi za maji zilizokuwa zikififia katika maonyesho ya umma, na mwaka 1888 wanasayansi Russell na Abney walitoa ripoti rasmi ya majaribio yao, iliyoonyesha jinsi mwanga, hewa na unyevu vinavyoshirikiana kuziua rangi. Wosia wa mkusanyaji wa sanaa Henry Vaughan ulipoliachia jumba la sanaa la taifa huko Edinburgh, Scotland, michoro 38 ya Turner, mwaka 1900, sharti lilikuwa ionyeshwe Januari tu, mwezi ambao mwanga wa huko ni hafifu kabisa. Leo bado ninakutana na wanunuzi wanaotundika karatasi ya miaka 200 mkabala wa dirisha kwa kuwa wameuziwa kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno, ilhali kioo hicho hupunguza tu mwendo wa madhara; mwanga unaoonekana nao hufifisha.

Kabla ya kunyanyua mkono, omba picha ipigwe ikiwa nje ya fremu. Ukingo uliofunikwa na kadi, ile inayoizunguka picha ndani ya fremu, haukupata mwanga, na hapo utauona ukanda mwembamba wa anga kama De Wint alivyoliacha. Tofauti kati ya ukanda huo na sehemu ya wazi ndiyo kipimo cha hasara, na ukiipenda picha jinsi ilivyo, ilipie bei ya picha iliyofifia.

Ukingo huohuo utakusaidia dhidi ya kazi za mafundi hao, ambazo hurudi mnadani zikiwa na anga la kupendeza. Rangi ya asili huendelea chini ya kadi na huwa nzito zaidi huko. Rangi iliyoongezwa mara nyingi hukomea palepale kadi inapoanzia, na ukiitazama kwa lenzi utaiona imetulia juu ya madoa na ndani ya michubuko ya karatasi, yaani mahali ambapo mchoraji hangeweza kuipaka kwa kuwa uharibifu huo haukuwepo alipokuwa hai.