Sukari inaingiaje kwenye zabibu? Maswali yenu na majibu

Maswali ya zabibu yamekuwa mengi, yanayofanana nimeyaunganisha. Twende moja kwa moja.

"Hivi sukari ya zabibu inatengenezwa ndani ya punje au mmea unaivuta kutoka kwenye udongo?"

Vyote sio mkuu, inatoka kwenye majani. Udongo unatoa maji na madini, basi. Punje ikiwa bado changa ni ya kijani kwahiyo nayo inajitengenezea sukari kidogo kwa mwanga wa jua, ila hicho kidogo hakiitoshi hata yenyewe, mzigo wa maana wote unaletwa na majani. Jani linachukua hewa ya kaboni na maji yaliyopanda kutoka mizizini, jua likipiga linatengeneza sukari, na ile inayosafirishwa ni sukrosi, yaani hii hii sukari ya kawaida. Inapita kwenye floemu, mirija myembamba sana iliyopo upande wa ndani wa gome, inafuata tawi mpaka kikonyo cha kichala mpaka ndani ya punje.

Kinachoisukuma ni presha. Mjerumani mmoja, Ernst Münch, alilieleza hili mwaka 1930 na mpaka leo ndo maelezo yanayokubalika zaidi. Kule kwenye jani sukari inapakiwa kwa wingi ndani ya mirija, maji yanaifuata kwa osmosisi, yaani yanavutwa kwenda penye sukari nyingi, presha inapanda, huku kwenye punje sukari inashushwa na maji yanatoka nayo presha inashuka, kwahiyo utomvu unakimbilia kwenye presha ndogo. Katikati ya njia hakuna pampu yoyote. Maana yake anayeshusha mzigo kwa kasi ndo anayeletewa mzigo mwingi, na hili lishike kwa sababu majibu mengi huko chini yanatokea hapa.

"Zabibu zangu zilikaa ngumu na chachu wiki na wiki, nikajua zimegoma, afu ndani ya siku chache zikalainika na utamu ukaanza. Nini kilitokea pale?"

Hili swali ndo nimelipenda kuliko yote.

Punje ya zabibu inakua kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza ni baada ya maua, seli zinagawanyika na kutanuka, punje inajaza asidi mbili, tatariki na maliki, na sukari inayoingia wakati huo yote inaishia kujenga tunda na mbegu, haiwekwi akiba. Baadae inasimama, ukiitazama unaona kama imelala. Mkupuo wa pili ndo huo uliouona, tuuite kugeuka: punje inalainika, zile za rangi zinaanza kupiga wekundu au weusi, na sukari inaanza kumiminika.

Sasa kilichobadilika ni namna ya kushusha mzigo. Kabla ya kugeuka sukrosi ilikuwa inatoka kwenye floemu na kuingia kwenye seli za punje kupitia vitundu vidogo vinavyounganisha seli na jirani yake. Baada ya kugeuka njia hiyo kwa sehemu kubwa inafungwa, sukrosi inatolewa kwanza nje ya seli, kwenye kuta na nafasi zilizopo katikati, afu kuna protini kazi yao ni ubebaji tu, zimekaa kwenye utando wa seli, zinaiokota na kuiingiza ndani hata kama ndani tayari kumejaa, na kazi hiyo inakula nishati. Kuna kimeng'enya kinaitwa invatesi kinaikata sukrosi iwe glukosi na fruktosi, nyingine inakatwa hukohuko kwenye kuta, nyingine ikishaingia. Ghala lenyewe ni vakuoli, ule mfuko mkubwa ndani ya kila seli ya nyama ya zabibu.

Unaona ujanja ulipo? Sukrosi ikikatwa haijazani mlangoni, na molekuli moja ikishakuwa mbili nguvu ya kuvuta maji inaongezeka, kwahiyo presha upande wa punje inabaki chini na mirija inaendelea kuleta. Ndo maana zabibu iliyoiva ina glukosi na fruktosi karibu nusu kwa nusu na sukrosi ni kidogo sana. Mwanzoni mwa kuiva glukosi ndo nyingi, ikiiva sana fruktosi inaipita kidogo, na fruktosi ndo tamu zaidi mdomoni.

Hata kule kulainika ni habari hiyohiyo. Presha ndani ya seli inashuka kabla sukari haijaanza kupanda, kwahiyo ukibonyeza punje ikawa laini, utamu uko njiani. Anayepiga filimbi ni homoni, hasa asidi ya absisiki, na sukari yenyewe inasaidia kuamsha mambo. Kila punje inasikia kwa wakati wake, usishangae kichala kimoja kuwa na za kijani ngumu na nyeusi laini kwa pamoja.

Afu usisahau upande wa pili wa utamu, ukali kupungua. Asidi ya maliki inachomwa na punje yenyewe kwenye kupumua, kukiwa na joto inaisha haraka zaidi, tatariki inabaki ila punje inapotanuka inakuwa imepungua nguvu.

"Nikivuna mapema nikazifungia na ndizi mbivu, zitaongeza utamu?"

Hapana. Ndizi inaiva ndani kwa sababu ilikuja na akiba ya wanga inayogeuka sukari, na gesi ya etilini inaiharakisha. Zabibu haina ghala la wanga la kugeuza. Ukishakata kikonyo umekata floemu, sukari iliyomo ndo hiyohiyo. Zikikaa zitanyauka na utaonja kama zimeongeza utamu, ila kilichotokea ni maji kupotea.

"Kuna mtu kanishauri nimwagilie maji ya sukari kwenye mizizi."

Mwambie hapana. Unawalisha sisimizi na vijidudu vya udongo, na ukizidisha mzabibu unapata shida kuvuta maji.

"Nipunguze majani ili jua lipige vichala viive haraka?"

Punguza kidogo karibu na vichala, hewa ipite na ukungu upungue, hapo sina ugomvi. Ila naona watu wanavua mzabibu mpaka unabaki vijiti na vichala, afu wanauliza mbona sukari haipandi, jamani sukari itoke wapi? Kipimo kinachotumika sana ni sentimita za mraba 8 mpaka 12 za jani kwa kila gramu ya tunda. Kichala cha gramu 300 kinataka 2,400 mpaka 3,600, na kama jani lako lina kama 120 hivi, hayo ni majani 20 mpaka 30, tena mazima, yanayopata jua. Vichala vikiwa vingi kuliko majani vitachelewa kuiva, na mmea utachota akiba ya kwenye shina na mizizi ambayo ilikuwa ya kuanzia msimu ujao. Mimi ningepunguza vichala kabla sijagusa majani.

"Mvua imenyesha zikikaribia kuvunwa, sukari imeshuka na nyingine zimepasuka. Imerudi kwenye mti?"

Sukari haijaenda popote, imechanganyika na maji mengi zaidi. Baada ya kugeuka maji mengi ya punje yanakuja na floemu pamoja na sukari, yale ya zailemu, mirija inayopandisha maji toka mizizini, yanapungua sana, na ziada inaweza hata kurudi kwenye mmea kwa njia hiyohiyo ya zailemu. Mvua inavuruga hesabu, maji yanaingia kupitia ganda, punje nayo haipotezi maji hewani kama kawaida, ganda linazidiwa. Zikikauka bila kuoza vipimo vitapanda tena, zilizopasuka toa.

"Ni kweli ukitoa pete ya gome kwenye tawi zabibu zinakuwa tamu mapema?"

Kweli, ni mbinu ya zamani kwa zabibu za kula. Unaondoa ukanda wa milimita chache, floemu inakatika, sukari inashindwa kushuka mizizini inabaki juu na vichala. Ukifanya punje zikiwa ndio zimeshika unapata ukubwa, ukifanya karibu na kugeuka unawahisha kuiva. Ila mizizi inakaa njaa mpaka kidonda kizibe, wiki kadhaa, kwahiyo mzabibu dhaifu au wenye kiu usiuguse, na kisu kisiingie kwenye mti wenyewe.

"Refraktomita yangu inasoma Briksi 27 na bado inapanda. Niendelee kusubiri?"

Refraktomita ni kifaa cha kupima sukari kwenye juisi, na Briksi moja ni kama gramu moja ya sukari kwenye gramu 100 za juisi. Zabibu nyingi zikifika 25 hivi floemu inakuwa imekaribia kusimama kuleta, kinachopandisha namba baada ya hapo ni maji kukauka. Kama unatengeneza zabibu kavu au unataka divai nzito, subiri. Kama unauza kwa kilo, chukua punje 100 kutoka vichala tofauti uzipime uzito, rudia baada ya siku tatu nne, ukikuta Briksi imepanda na uzito umeshuka, kila siku unayosubiri unapoteza kilo na sukari mpya hakuna inayoingia.