Hita kutoa baridi gari likisimama: anza na kulanti

Ndugu, umeeleza kwamba hita hutoa joto ukiwa barabarani, lakini ukisimama kwenye foleni injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta, upepo unageuka baridi. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa kulanti (maji ya kupozea injini) au hewa iliyonaswa katika rejeta ndogo ya hita, kwa kuwa pampu ya maji inapozunguka polepole haina nguvu ya kuisukuma hewa hiyo. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, kwani chupa ya akiba huweza kuonekana imejaa ilhali ndani pamepungua (mimi mwenyewe nilidanganywa nayo wiki nzima). Jaza, weka hita kwenye joto la juu kabisa, washa injini, na usubiri mapovu yaishe. Kisha gusa kwa tahadhari mipira miwili inayoingia kwenye hita: mmoja ukiwa wa moto na wa pili vuguvugu tu, rejeta ya hita imeziba au mapanga ya pampu yamelika. Themostati (vali inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) singeilaumu kwanza, maana ikikwama wazi, baridi huzidi gari likiwa kwenye mwendo. Mapovu yasipokoma, fundi apime gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini) kabla hujaendelea kuliendesha.