Maswali ya Wasomaji: Gari Kabla Halijaingia Sokoni

SWALI: Mhariri, nasikia siku hizi watengenezaji wa magari huigiza ajali kwenye kompyuta. Sasa kwa nini bado wanabamiza magari mazima?

JIBU: Kompyuta inajua vizuri jinsi bati linavyojikunja. Jinsi vitu vinavyokatika, hapo bado inababaika. Ndani ya programu, bodi hugawanywa vipande vidogo mamilioni, na mikunjo ya chuma hutoka karibu sawasawa na ya ajali yenyewe. Kazi ipo kwenye nukta za kulehemu zinazofyatuka, gundi inayochanika, plastiki inayopasuka, na mfuko wa hewa unaojikunjua wakati dereva naye anarushwa mbele. Nukta moja ikiachia mapema, nguvu inahamia mhimili mwingine, na hesabu yote inayofuata inapinda. Kwa hiyo mabadiliko mengi hujaribiwa kwenye kompyuta, kisha gari halisi hugongeshwa kuona kama hesabu ilisema kweli.

Maandalizi yake yana mambo mengi kuliko mgongano wenyewe. Petroli hutolewa kwenye tangi na kuwekwa kimiminika chenye uzito unaokaribiana nayo ila kisichoshika moto upesi. Sanamu la mtu mzima linalokalishwa kitini badala ya mtu, lenye uzito wa kilo 78 hivi, hupakwa rangi mbichi usoni na magotini, kila sehemu rangi yake, ili baadaye ionekane lilijigonga wapi. Kwa sanamu la aina ya Hybrid III, joto hudhibitiwa kati ya nyuzi 20.6 na 22.2 za Selsiasi. Mbavu zake zina tabaka la kufyonza mtikisiko ambalo hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Ukipuuza hilo, kipimo cha kifua hakina maana tena.

Kasoro inayowasumbua sana wahandisi ni gari kugonga nguzo nyembamba katikati. Nguzo hupita kati ya mihimili miwili ya mbele, bati laini linajikunja bila kishindo, na sensa iliyo ndani ya gari haistuki mpaka nguzo ifike kwenye injini. Mfuko unafunguka kichwa kimeshasogea. Dawa yake ni kuongeza sensa mbele kabisa, jirani na rejeta, kisha kupanga upya programu inayoamua lini mfuko ulipuke. Wasiifanye nyepesi mno, maana itafyatua mfuko kwa shimo la barabarani.

SWALI: Brosha ya gari langu inasema lita 5.8 kwa kilomita 100. Mimi napata zaidi ya 7. Kiwanda kinadanganya?

JIBU: Si lazima. Namba za brosha hutokana na kipimo kama cha WLTP, yaani utaratibu wa kupima ulaji wa mafuta na moshi wa magari. Kipimo hicho, kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2017, hufanyika maabara, gari likiwa juu ya rola. Ni safari ya kilomita 23 na kidogo kwa sekunde 1,800, mwendo wa wastani kilomita 46.5 kwa saa, na kilele chake ni 131 kwa muda mfupi. Joto la chumba ni nyuzi 23, na AC imezimwa. Wewe una AC, mizigo, foleni, na pengine keria tupu juu ya paa.

Mwendo ndio mla mafuta mkubwa. Ukipanda kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa asilimia 44.

Kabla ya kulaumu, pima vizuri. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, tembea walau 400, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Zikiingia lita 31 baada ya kilomita 420, gawanya 31 kwa 420, zidisha kwa 100: ni 7.4. Usiishie kwenye kipimo cha dashibodi. Hicho hukadiria kutokana na muda ambao nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini zimefunguka, na mara nyingi huwa na upole kwa gari, yaani husoma pungufu. Pengo likiwa bado kubwa, angalia upepo wa matairi na breki zinazokwama kabla hujafungua injini.

SWALI: Ni kweli umbo la gari bado hufinyangwa kwa udongo?

JIBU: Kweli. Mbunifu wa magari Harley Earl aliizoesha kampuni ya General Motors ya Marekani kuutumia tangu 1927, na skrini hazijauondoa. Si udongo wa chungu. Una nta na mafuta ndani, haukauki. Hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi, ukapakwa kwa mkono juu ya kiini cha povu gumu, ukachongwa na mashine, kisha ukasawazishwa kwa kwangua za chuma. Juu huvutwa utando mwembamba unaong'aa kama rangi, nao ndio wenye kazi: bonde la nusu milimita ambalo skrini imelificha huonekana papo hapo pale mstari wa taa unapopinda juu ya mlango.